Bibi haendeshi, amefunga choo

"Bibi anaendesha siku ya nne, tumempa dawa ya kuzuia kuharisha, wapi!" Kauli hii nimeichoka. Ndugu wa wagonjwa wanaileta kutoka Newala, wanaileta kutoka Tandahimba, na aliyeletwa mara nyingi haendeshi kabisa.

Mzee akikosa choo siku kadhaa, kisha akaanza kuchafua nguo kwa majimaji kidogo kidogo bila kujijua, shuku kwanza kwamba amefunga choo. Choo kimekauka na kushindiliwa kwenye puru, yaani mwisho wa utumbo, na kile cha majimaji kilicho juu yake kinapenya pembeni. Dawa ya kuzuia kuharisha inazidi kumfunga. Mtazame: tumbo limejaa, chakula hataki, mkojo unatoka kwa shida, pengine anaongea yasiyoeleweka na nyumbani mnasema ni uzee. Mhudumu akivaa glovu na kupima kwa kidole puruni, mara nyingi jibu hupatikana palepale. Ombeni kipimo hicho, msione aibu. Na tafadhali, msimpige bomba la maji ya sabuni kwa nyuma huko nyumbani. Sabuni inachubua utumbo.

Kwamba lazima apate choo kila siku? Si kweli. Kuanzia mara 3 kwa siku hadi mara 3 kwa wiki ni kawaida, mradi kiwe laini na asijikamue. Kwa hiyo hakuna haja ya kumsafisha tumbo kila mwezi kwa mafuta ya nyonyo. Mnammalizia maji na chumvi za mwili.

Ugali wa muhogo nao unasingiziwa, kumbe kinachokosekana ni mboga za kulainisha choo. Tunalima mbaazi, tunauza magunia, halafu mzee anakula ugali na dagaa asubuhi na jioni! Mpikieni mbaazi, kunde, kisamvu. Ila kama ameshaziba, azibuliwe kwanza. Na anywe maji. Wengi huacha kunywa tangu alasiri wakihofia kutoka usiku kwenda choo cha nje, tena magoti hayakubali kuchuchumaa, basi wanabana. Fundi seremala yeyote atawatengenezea kiti chenye tundu, ndoo chini yake. Akimaliza chai ya asubuhi akalie, miguu juu ya kibao, asiharakishwe.

Vidonge vya kuongeza damu na vya maumivu kama tramadol hufunga choo. Msivikatishe wenyewe, mwambieni daktari.

Akitoa damu, akikonda, au choo kikibadilika ghafla uzeeni, mpelekeni hospitali. Tumbo likivimba, anatapika na hata ushuzi hautoki, msisubiri kuche.