Maharage hayajakuachia mbolea

Nikisikia tena "bwana shamba, mwaka huu siweki mbolea ya mahindi, msimu uliopita nilipanda maharage," naomba kustaafu mapema. Ndiyo, mikunde, yaani maharage na jamaa zake, hupata naitrojeni ya hewani, kirutubisho kikuu cha mahindi, na hewa ni naitrojeni asilimia 78. Ila anayeikamata si maharage, ni bakteria, rizobia, wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Watu wakishasikia hapo, wanafunga daftari.

Mche ukianza maua, uchimbue na udongo wake, usiuvute, vinundu vitabaki chini. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inafanyika. Kikiwa cheupe au cha kijani, mche unakula naitrojeni ya udongo kama mahindi tu. Na maharage yana uvivu wake. Kunde na mbaazi huyashinda.

Haya, tuseme vyote ni vyekundu. Naitrojeni nyingi inapanda kwenye punje, na punje unauza. Mashina unayang'oa na mizizi yake, unakwenda kuyapura nyumbani. Makapi anakula ng'ombe (ingekuwa sawa kama samadi ingerudi shambani, lakini hairudi). Yanayobaki unachoma, na moto unapeperusha naitrojeni na salfa, unakuachia jivu lenye potasiamu na chokaa. Shamba linaweza kubaki na naitrojeni pungufu kuliko ulivyolikuta!

Mbaazi ni habari nyingine: inakaa shambani miezi mingi, inapukutisha majani palepale, mizizi yake inazama chini sana. Lakini usiniulize imeacha naitrojeni kilo ngapi kwa ekari. Namba za vitabuni zipo. Mashambani zinapishana mno, mvua kwa mvua, udongo kwa udongo, hata mimi sipangi mbolea ya mtu kwa kuzitegemea.

Fosforasi, kirutubisho kingine ambacho mmea unakihitaji, ndiyo kabisa, haitoki hewani. Inatoka kwenye miamba inayosagika taratibu. Majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai yamerutubisha nyasi za Serengeti bure. Wewe mwenye mchanga wa Newala utasubiri sana. Kulilaza shamba misimu miwili huku mbuzi wa jirani wanakula humo hakuongezi fosforasi hata chembe.

Na rizobia hao hao bila fosforasi ya kutosha hawafanyi kazi vizuri. Kwa hiyo anza na maharage yenyewe: yawekee DAP, mbolea ya dukani yenye fosforasi, au Minjingu, mbolea ya mwamba wa fosfeti, kama udongo una tindikali. Ukivuna, kata mashina, mizizi iache chini. Ya mahindi tutaongea baadaye.