Duka hufa daftarini kabla mlango haujafungwa

Duka likifungwa, watu husema intaneti ndiyo iliyoliua. Kazi yangu ni kukagua hesabu za maduka madogo, na nikipewa daftari za miaka mitatu ya mwisho za duka lililokufa, mara nyingi naweza kuonyesha mwezi lilipoanza kuumwa. Huwa ni zamani, kabla hata tangazo la "kila kitu nusu bei" halijabandikwa kwenye kioo. Cha ajabu, mwezi wenyewe huwa hauna tukio. Hakuna mshindani aliyefungua ng'ambo ya barabara, hakuna wizi wala moto. Kuna wateja wachache tu ambao hawakurudi.

Hesabu yake si ngumu. Chukua duka la vitabu linalouza 100 kwa mwezi, iwe 100 ya fedha yoyote. Muuza vitabu hununua kwa mchapishaji kwa punguzo ambalo mara nyingi huzunguka asilimia 40 ya bei ya rejareja. Katika hiyo 100, basi, 60 inarudi kwa mchapishaji na 40 inabaki dukani. Humo ndani mna pango, mishahara, umeme, bima na riba ya mkopo. Tuseme vyote pamoja vinakula 38. Faida ni 2.

Sasa mauzo yashuke kwa asilimia 15. Ukisimama mlangoni hutaliona pengo hilo. Jumamosi bado kuna foleni, na mwenye duka bado analalamika kwamba hapati muda wa kukaa. Lakini mauzo yamekuwa 85, fungu la duka ni 34, na gharama ni zilezile 38. Mwenye jengo hapunguzi pango kwa kuwa wateja wamepungua, na taa haziwaki nusu. Faida ya 2 imegeuka hasara ya 4. Ndiyo maana mshindani hana haja ya kukunyang'anya wateja wote. Wale 15 wanamtosha, na hao wengine 85 watakuja siku ya mwisho kukupa pole, nao watasema kweli kwamba hawakuacha kununua kwako.

Vitabu viliumia mapema kwa sababu kitabu ni kilekile popote. Kiatu unaweza kukipima, kitambaa unaweza kukishika. Nakala ya kitabu hapa haitofautiani na nakala ya kule hata kwa nukta moja. Tena kila toleo lina namba yake, ISBN, ambayo ilifanywa kuwa mfumo wa kimataifa mwaka 1970 ili kuwarahisishia kazi wachapishaji na wauzaji. Miaka mingi baadaye namba hiyohiyo ikampa mteja uwezo wa kusimama mbele ya rafu, akaielekeza simu kwenye mistari ile myeusi na kujua ni nani anayeuza rahisi zaidi. Amazon ilipofungua biashara mwaka 1995 ilianza na vitabu, na haikuwa kwa mapenzi ya fasihi. Idadi ya vitabu vilivyopo inapita mbali uwezo wa rafu za duka lolote, na mnunuzi hahitaji kukishika kitabu ili ajue anachokinunua.

Hapa sheria za nchi huleta tofauti kubwa kuliko watu wanavyodhani. Uingereza ilikuwa na makubaliano ya bei moja ya vitabu tangu mwaka 1900. Yalivunjika mwaka 1995 wachapishaji wakubwa walipojitoa, na mwaka 1997 mahakama ikayapiga marufuku. Maduka makubwa ya vyakula yakaanza kuuza vitabu vinavyopendwa sana kwa bei ambayo muuza vitabu mdogo hakuweza hata kuvinunulia. Ufaransa ilishika njia nyingine. Sheria ya mwaka 1981, inayojulikana kwa jina la waziri wa utamaduni Jack Lang, humruhusu mchapishaji kupanga bei, na muuzaji wa kitabu kipya hawezi kupunguza zaidi ya asilimia 5. Wauzaji wa mtandaoni wakapenyea kwenye usafirishaji wa bure. Mwaka 2014 wakakatazwa, wakaanza kutoza senti moja ya yuro, kejeli ambayo nakiri ilinichekesha. Tangu Oktoba 2023 wanalazimika kutoza angalau yuro 3 kwa oda ya vitabu iliyo chini ya yuro 35.

Naiunga mkono sheria ya namna hiyo, ila sidhani kwamba inatosha. Inazuia ile 40 isiliwe na vita vya bei. Haisemi lolote kuhusu ile 38.

Borders, mnyororo wa maduka ya vitabu, ni ushahidi mzuri wa jambo hilo, maana haikuwa duka dogo. Ilizaliwa Ann Arbor, Marekani, mwaka 1971, ikasambaa nchi nzima, na mwaka 2001 ikaikabidhi Amazon mauzo yake ya mtandaoni. Yaani ilimpa mshindani ufunguo ikabaki na majengo! Februari 2011 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na Julai ikaamuliwa kwamba maduka 399 yaliyobaki yauzwe kila kilichomo. Ilikuwa na mikataba mirefu ya pango katika majengo makubwa mno, rafu nyingi mno, na vitabu vilivyolala.

Kuhusu vitabu vilivyolala nitakaa kidogo, kwa kuwa hapo ndipo nami niliwahi kukosea. Biashara ya vitabu ina desturi isiyo ya kawaida: kisichouzwa hurudishwa kwa mchapishaji. Nchini Marekani ilienea wakati wa mdororo mkuu wa miaka ya 1930, wachapishaji walipotaka kuwatia moyo wauzaji waendelee kuagiza. Inaonekana kama zawadi. Kwa kweli inamfundisha muuzaji kuagiza bila kufikiri, na kila kinachorudi kimeshalipiwa nauli, kimeshapangwa, kimeshakaa mahali pa kitabu ambacho kingeuzwa. Minyororo mikubwa ikaongeza kasoro nyingine, ikapokea fedha za wachapishaji ili vitabu fulani viwekwe juu ya meza za mbele. Meza ikawa tangazo la kulipiwa, na wateja, ambao si wajinga, wakanusa.

Mimi nami, nilipoanza kazi hii, nilikuwa nachapisha orodha ya vitabu ambavyo havijauzwa kwa miezi sita, naipiga mstari mwekundu, nasema viondolewe. Kwenye karatasi nilikuwa sahihi. Rafu zikabaki na vile vinavyouzwa kila mahali, na duka likawa halina sababu ya kuingiwa. Kitabu kimoja cha mashairi kinachouzwa mara moja kwa mwaka huenda ndicho kilichomfanya mtu asimame dirishani, akaingia, akatoka na vingine viwili. Daftari langu lilivihesabu vile viwili tu. Siku hizi orodha naitengeneza bado, lakini namwachia mwenye duka kalamu.

James Daunt, aliyekabidhiwa kuongoza minyororo ya maduka ya vitabu, Waterstones ya Uingereza mwaka 2011 na Barnes & Noble ya Marekani mwaka 2019, alifanya jambo linalofanana na hilo kwa kiwango kikubwa. Alikataa fedha za meza za mbele na akawaachia wasimamizi wa kila tawi wachague wenyewe vitabu vya kuweka. Marejesho kwa wachapishaji yakashuka. Barnes & Noble, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikifunga kuliko kufungua, mwaka 2024 ilifungua maduka zaidi ya 50, mengi yakiwa madogo kuliko yale ya zamani. Ninachokiona hapo ni mnyororo mkubwa ukijifunza kuishi kama duka la mtaa. Sijui kama duka la mtaa lifurahi au liogope.

Linabaki suala la jengo. Wasomaji huniuliza: kama duka limefungwa kwa kushindwa pango, mbona mwenye jengo anakubali likae tupu miaka miwili badala ya kushusha bei? Jibu liko benki. Thamani ya jengo hukadiriwa kwa pango linalotarajiwa, na mkopo hutolewa kwa thamani hiyo. Akiandika mkataba mpya wa pango la chini, ameshusha thamani ya jengo zima kwa maandishi, na huenda amevunja masharti ya mkopo. Chumba kitupu kinaweza kudaiwa kwamba kinasubiri mpangaji. Wakati huo duka la jirani linapoteza wale waliokuwa wakipita wakienda kwingine, na hesabu ya 15 kwa 100 inaanza kwake.

Jiji la Paris liliingia hapo moja kwa moja. Tangu mwaka 2004, kupitia kampuni yake iitwayo Semaest, lilianza kununua vyumba vya maduka katika mitaa iliyokuwa ikipoteza biashara zake, likavipangisha kwa wafanyabiashara wadogo, wakiwemo wauza vitabu. Ni ghali, na si kila jiji lina mfuko wa kufanya hivyo. Wengine wamefika hapohapo kwa njia ya ushirika: wakazi wanachangishana hisa, wananunua chumba, mwendesha duka anakuwa mpangaji wa wateja wake mwenyewe. Bookshop.org, tovuti ya kuuza vitabu iliyoanza Januari 2020, inayapatia maduka huru mgawo wa mauzo ya mtandaoni, na huo ni msaada halisi. Ila mgawo ni kipato, na kipato huingia kwenye ile 40.

Kwa hiyo mwenye duka la vitabu akinijia na ripoti ya mauzo, siifungui kwanza. Naomba mkataba wa pango, natafuta tarehe unapokwisha na kifungu cha jinsi pango linavyopandishwa. Ikiwa imebaki chini ya miaka miwili, mazungumzo ya vitabu tunayaweka pembeni, tunaanza na mwenye jengo.