Unga chini ya kitanda si lazima uwe wa mchwa

Kwenye magrupu ya hapa Bagamoyo bado unazunguka ujumbe kwamba unga ukidondoka chini ya kitanda au mlango, ni mchwa, mwaga oili chafu sakafuni. Si kweli. Mchwa wa ardhini huacha vijia vya udongo. Unga laini kama poda, pamoja na vitundu vya mviringo, mara nyingi milimita 1 hadi 3, ni dalili ya mbawakawa. Vibuu vyao, yaani watoto wao, hula mbao kwa ndani bila kuonekana, ndiyo maana mchwa hulaumiwa. Tundu hutobolewa na mdudu aliyekomaa akitoka. Oili ya sakafuni haivifikii vibuu vilivyo ndani ya mbao. Fagia, tandika karatasi nyeusi, subiri siku kadhaa: unga mpya ukidondoka, huenda bado wamo. Tafadhali, ujumbe huo usiusambaze.