Mbwa mdogo akisusa chakula, si kudeka

"Mwache, njaa ikimbana atakula." Kwa mbwa mzima aliyeruka mlo mmoja huku bado anacheza, sawa. Kwa mtoto wa mbwa wa miezi 2 au 3, ushauri huo unaweza kuua. Akiba yake ya sukari mwilini ni ndogo. Akishinda njaa hulegea, hutetemeka, hata kuzimia. Tena kususa huweza kuwa dalili ya kwanza ya parvo, ugonjwa hatari wa virusi wa mbwa, kabla ya matapishi na kuhara damu. Minyoo nayo humwondolea hamu. Na maziwa ya ng'ombe tunayokimbilia? Mara nyingi huongeza kuhara tu. Mwangalie fizi: zikiwa nyeupe, au akitapika, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, si kesho. Ugali na dagaa vitasubiri.