Tiketi Imeandikwa 04:35, na Mambo Mengine Tunayokosea Kuhusu Safari za Ndege

Shangazi yangu ana kibanda cha nguo Mlango Mmoja, hapa Mwanza. Mara ya kwanza kwenda Dubai kufuata mzigo, aliachwa na ndege Dar es Salaam. Tiketi ilisema 04:35. Yeye akasoma saa nne na dakika 35 asubuhi, akafika uwanjani saa moja asubuhi na begi lake tupu, akijisifu kuwa amewahi. Ndege ilikuwa imeruka tangu alfajiri. Saa za tiketi huanza kuhesabiwa usiku wa manane, kwa hiyo 04:35 ni saa kumi na dakika 35 alfajiri. Toa sita kwenye saa ya tiketi, ukishindwa kutoa, ongeza sita, na jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena.

Safari iliyofuata alirudi na jipya: eti kwenda Dubai ni mbali kuliko kurudi. "Kwenda masaa sita na nusu, kurudi manne na nusu, angalia mwenyewe!" Niliangalia. Muda wa kuondoka ni wa saa za mji unakoondokea, wa kufika ni wa saa za mji unakofikia, na Dubai wametutangulia kwa saa moja. Umbali ni ule ule, karibu kilomita 4,000 kutoka Dar, na angani ni saa tano na nusu hivi kwenda, vivyo hivyo kurudi. Wanaokwenda London wana kazi zaidi: London iko nyuma yetu saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa joto, maana Waingereza husogeza saa zao.

Stendi ya Nyegezi utasikia hesabu hii: "Dar ni kilomita 850, ndege inakimbia 850 kwa saa, basi ni saa moja kamili." Hizo 850 ni za mstari ulionyooka, kwa basi kupitia Singida na Dodoma zinazidi 1,100. Na mwendo huo ndege huupata ikishafika juu tu. Muda wa ratiba huanza ndege inapotoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya Dar: kutambaa, kupanda, kushuka, kungoja zamu ya kutua. Jumla inakaribia saa moja na nusu kwa jeti, na pangaboi huchelewa zaidi kidogo. Bukoba ndiyo kichekesho. Kukatisha ziwa ni kama kilomita 175, moja ya tano ya kwenda Dar, lakini muda haushuki hivyo. Ndege haijamaliza kupanda, inaanza kushuka.

Wengine husema kuruka kuelekea mashariki ni haraka kwa sababu ya mzunguko wa dunia. Hewa nayo huzunguka pamoja na dunia. Kinachosaidia ni upepo mkali wa juu: New York kwenda London ni kama saa saba, kurudi kama nane. Huku kwetu karibu na ikweta upepo wa aina hiyo hauna nguvu kiasi hicho.

Na ramani ya ukutani isikudanganye kwamba ndege ya Dubai kwenda Los Angeles inapotea njia ikielekea kaskazini, karibu na ncha ya dunia. Chukua chungwa, vuta uzi kutoka nukta moja hadi nyingine mpaka ukaze, uone unakopita. Kwa Mwanza na Dar usihangaike na chungwa. Tuko jirani na ikweta na safari ni fupi, mstari wa ramani na wa uzi hulala karibu mahali pamoja.