“Fedha zilirudi” haifungi hoja

Nikijitambulisha kuwa mkaguzi wa hesabu za umma, haichukui muda kabla mtu hajanichokoza: “Nyie wakaguzi mna lawama. Ule mpango wa Marekani wa mwaka 2008 wa kunusuru mabenki si ulilipa? Fedha zilirudi, tena na faida juu. Sasa kelele za nini?”

Kwa tarakimu hajakosea sana. Mabenki makubwa yaliyopewa mtaji na serikali ya Marekani yalirejesha, na gawio yalilipa. Hata AIG, kampuni ya bima iliyofikia kuahidiwa msaada wa dola bilioni 182: serikali ilipouza hisa zake za mwisho Desemba 2012, ilijihesabia ziada ya dola bilioni 22.7. Kwa hiyo kiasi sibishani nacho.

Ila fikiria mweka hazina wa taasisi yoyote. Ijumaa anachota fedha za ofisi, anakwenda kuzichezea kamari, anashinda, na Jumatatu asubuhi anazirudisha zote na nyongeza. Mimi bado nitamwandikia hoja ya ukaguzi. Sitamuuliza ameshinda ngapi. Nitamuuliza nani alimruhusu, kwa masharti gani, na kama angeshindwa nani angefidia. Hoja ya ukaguzi haifungwi kwa sababu kasha limejaa. Hufungwa vielelezo vikiletwa mezani.

Tuanze na masharti, maana ndipo penye utamu. Septemba 2008, siku chache baada ya benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers kuanguka, tajiri Warren Buffett aliiwekea Goldman Sachs dola bilioni 5. Alipewa hisa za upendeleo, zile zinazolipwa gawio kabla ya hisa za kawaida, kwa asilimia 10 kwa mwaka, pamoja na haki ya kununua baadaye hisa za kawaida zenye thamani ya dola bilioni 5 nyingine kwa bei iliyofungwa siku ile. Mwezi uliofuata serikali ikaiwekea benki hiyohiyo dola bilioni 10, mara mbili ya alichotoa Buffett. Gawio lake? Asilimia 5. Na haki yake ya kununua hisa baadaye ilikuwa sawa na asilimia 15 tu ya fedha ilizotoa, wakati ya Buffett ilikuwa asilimia 100. Soko lilikuwa limeshasema bei ya kuikopesha Goldman wakati wa hofu. Serikali, iliyokuwa na uwezo wa kudai kuliko mtu yeyote duniani kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki na mfuko wa kuwaokoa wote, ikadai nusu.

Watetezi wana jibu, na si jibu la kipuuzi. Tarehe 13 Oktoba 2008 Waziri wa Fedha, Henry Paulson, aliwaita wakuu wa mabenki tisa makubwa kwa pamoja akataka wote wachukue mtaji, waliouhitaji na wasiouhitaji, ili mgonjwa asijulikane kwa kuwa peke yake kwenye foleni. Masharti magumu yangewafanya wazima wakatae. Sawa. Lakini hapo ujue kwamba umeuziwa uamuzi wa kisera kwa jina la uwekezaji. Kamati ya usimamizi iliyoundwa na Bunge, ikiongozwa na Elizabeth Warren, iliyafanyia tathmini manunuzi yale na Februari 2009 ikasema wazi: serikali ilitoa takriban dola bilioni 254 na kupokea mali zenye thamani ya takriban bilioni 176 siku ya manunuzi. Pengo la bilioni 78. Bei za hisa zilipopanda baadaye, pengo lile likasahaulika, kana kwamba bahati ya baadaye hufuta punguzo la mwanzo. Lile lilikuwa ruzuku. Ruzuku inaweza kuwa halali kabisa, ila iandikwe ruzuku kwenye vitabu na wanaoitoa waambiwe hivyo.

Sasa AIG. Hapa naomba uvumilivu, maana kisa hiki nimekisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

AIG ilikuwa imeyauzia mabenki makubwa kitu kinachofanana na bima. Mabenki yalishika hatifungani zilizofumwa kutokana na mikopo ya nyumba, na AIG iliahidi kufidia zikiharibika. Kadiri thamani ya hatifungani ilivyoshuka, ndivyo AIG ilivyolazimika kuwawekea wateja wake dhamana ya fedha taslimu. Fedha zikaisha. Septemba 16, 2008 Benki Kuu ya Marekani, kupitia tawi lake la New York, ikaikopesha dola bilioni 85 na serikali ikapata umiliki wa karibu asilimia 80. Hazikutosha. Novemba, tawi hilo likaunda kampuni ya kando, Maiden Lane III, ili inunue zile hatifungani zenyewe na mikataba ya bima ivunjwe.

Kwa bei gani? Kwa kawaida kampuni inapokaribia kufilisika, wadai hukaa chini wakapunguziwa. Anayedai mia anachukua sitini, anashukuru Mungu. Hapa mabenki yalibaki na dhamana ya dola bilioni 35 waliyokwisha kuishika, yakaongezewa takriban bilioni 27.1, jumla bilioni 62.1. Ndiyo thamani yote iliyoandikwa kwenye mikataba, senti mia kwa kila dola, kwa kitu ambacho soko lilikuwa limekikata zaidi ya nusu.

Mkaguzi maalumu wa mpango wa kunusuru mabenki, Neil Barofsky, alichunguza juhudi za kuomba punguzo. Tawi la New York lilizungumza na mabenki manane. Moja tu, UBS ya Uswisi, lilikuwa tayari kupunguza, asilimia 2, kwa sharti kwamba wengine nao wapunguze. Wengine wakakataa. Wasimamizi wa mabenki Ufaransa walisema sheria yao hairuhusu. Baada ya siku chache mazungumzo yakafa na hundi kamili ikatoka. Soma tena hapo: aliyekuwa anaomba punguzo ndiye msimamizi wa baadhi ya mabenki hayo, ndiye mkopeshaji wao, na ndiye pekee aliyekuwa akizuia AIG isianguke kuwaangukia. Sijawahi kuona mnunuzi mwenye turufu nyingi hivyo akirudi sokoni mikono mitupu. Walieleza kwamba hawakutaka kutumia mamlaka ya usimamizi kuwashurutisha waliokuwa nao mezani. Naielewa hoja hiyo. Ni hoja ya muungwana anayetumia fedha zake.

Kisha majina. Kwa miezi kadhaa umma haukuambiwa nani amelipwa. Benki Kuu ilishikilia kwamba kuyataja mabenki kungeiumiza AIG na kulitikisa soko. Wabunge wakabana, na katikati ya Machi 2009 AIG ikatoa orodha: Goldman Sachs, Société Générale, Deutsche Bank na wenzao. Nini kikaanguka? Hakuna. Ripoti ya mkaguzi maalumu iliyotoka Novemba mwaka huo iliona hivyohivyo.

Siku zilezile za Machi ndipo zilipofichuka bonasi za takriban dola milioni 165 kwa watumishi wa kitengo cha AIG kilichouza zile bima. Taifa likawaka moto. Na lilikuwa na haki: watu waliolitoboa jahazi wanalipwa ili wasiliache jahazi. Wakaambiwa mkataba ni mkataba. (Wafanyakazi wa viwanda vya magari, waliokuwa wameambiwa miezi mitatu nyuma kwamba mikopo ya serikali kwa waajiri wao inataka mishahara yao iangaliwe upya, walisikiliza somo hilo kwa makini, nadhani.) Ila kwa jicho la ukaguzi, milioni 165 ndani ya bilioni 62 ni chini ya theluthi moja ya asilimia moja. Hasira iliangukia kinachoonekana kwa urahisi. Bonasi ina sura ya mtu. Malipo kamili kwa wadai hayana sura, yana viambatisho.

Mara nyingi nafikiri yote haya yangekuwa mabaya zaidi kama rasimu ya kwanza ya sheria ya mpango huu ingepita. Wizara ya Fedha ilipeleka Bungeni ombi la dola bilioni 700 lenye kurasa tatu hivi. Kifungu cha 8 kilisema maamuzi ya waziri hayatapitiwa na mahakama yoyote wala chombo chochote cha utawala. Baada ya miaka mingi ya kusoma nyaraka za matumizi, bado sijakutana na kifungu kinachonitisha kama kile. Bunge likakikataa, na ndipo zilipoingizwa kamati ya usimamizi, ofisi ya mkaguzi maalumu na kazi ya kudumu kwa ofisi ya ukaguzi ya Bunge. Hata hivyo tarehe 29 Septemba 2008 Baraza la Wawakilishi liliuangusha muswada uliokwisha kurekebishwa, na soko la hisa likapoteza pointi 777 kwa siku moja. Oktoba 3 ukapita, Rais George W. Bush akasaini. Wengi wanaikumbuka ile siku ya pointi 777 kama ushahidi kwamba Bunge lisicheze na moto. Mimi nakumbuka zaidi kwamba bila siku zile za mabishano nisingekuwa na ripoti za Barofsky wala za Warren za kunukuu hapa.

Maana upande ambao haukupitia Bungeni, giza lilikuwa nene. Mikopo ya dharura ya Benki Kuu haikupigiwa kura na mtu. Shirika la habari la Bloomberg lilifungua kesi mwaka 2008 likitaka majina ya waliokopa. Ikachukua hadi Machi 2011, Mahakama ya Juu ilipokataa kusikiliza rufaa ya mabenki, ndipo maelfu ya kurasa yakatolewa. Hapa nitawaudhi baadhi ya wenzangu: siri ile ilikuwa na sababu. Benki ikijulikana leo kwamba imekimbilia mikopo ya dharura ya Benki Kuu, kesho wenye amana wanapanga foleni, na benki iliyokuwa na upungufu wa ukwasi tu, yaani fedha za kulipia papo kwa papo, inageuka mfu. Ninachokataa ni siri isiyo na tarehe ya mwisho. Sheria ya mageuzi ya mwaka 2010 iliweka takriban miaka miwili kwa mikopo ya kawaida ya Benki Kuu kwa mabenki: siri wakati wa homa, hadharani mgonjwa akishapona. Ningependa muda mfupi zaidi, lakini walau upo.

Inawezekana kudai masharti mapema. Sweden ilifanya hivyo kuanzia mwaka 1992: benki iliyotaka msaada ilifungua vitabu kwanza na kuandika hasara zake kwa ukweli, na wenye hisa wa benki ya Gota walipoteza kila kitu. Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya benki iliyoomba kisha ikajitoa. SEB iliyaona masharti, ikarudi kwa wenye hisa wake, na ikapata mtaji huko. Msaada wenye makali huwachuja wasiouhitaji; msaada laini huwaita.

Ireland ilikwenda kinyume. Usiku wa kuamkia Septemba 30, 2008 serikali iliamua kudhamini madeni ya mabenki yake yenye thamani ya takriban euro bilioni 440, na mawaziri ambao hawakuwepo wakaombwa ridhaa kwa simu. Hesabu ya mwisho ya kuyaokoa mabenki ilifika euro bilioni 64. Ripoti ya uchunguzi wa Bunge ilitoka Januari 2016. Uingereza nayo iliingiza pauni bilioni 45.5 katika Royal Bank of Scotland na kuuza hisa za mwisho Mei 2025, ikiwa na hasara inayozidi pauni bilioni 10. Hao wa “fedha zilirudi” huwasikii wakiutaja mfano huo.

Kama unadhani tumejifunza, soma kilichotokea Uswisi Machi 2023. Jumapili moja serikali ilitumia mamlaka ya dharura kuiuza Credit Suisse kwa UBS kwa faranga bilioni 3, na ujumbe mdogo wa wabunge wa kamati za fedha ukaridhia ahadi za dhamana za faranga bilioni 109. Mwezi uliofuata Bunge lote liliitwa kwenye kikao maalumu. Baraza la Taifa, moja ya mabaraza mawili ya Bunge hilo, likajadili, likapiga kura, na likazikataa zile ahadi. Kura ile haikuwa na nguvu yoyote kisheria. Mikataba ilikuwa imeshasainiwa.