Je, wajua kwanini majani ni ya kijani, na magadi yanafanya nini kwenye majani ya kunde?

Chukua beseni kuukuu ulifunike juu ya nyasi hapo nje kwenu, liache kama wiki hivi alafu inua uone. Nyasi za chini zimekua manjano zimepauka, za pembeni bado kijani tupu, na udongo ni ule ule. Kilichokosekana ni jua. Ile kijani inatokana na kitu kinaitwa klorofili, na nyasi zikiwa gizani ile ya zamani inaharibika na mpya haitengenezwi.

Klorofili ndo jiko la mmea. Mwanga wa jua tunauona mweupe lakini ndani una rangi zote za upinde wa mvua, klorofili inakamata sana nyekundu na bluu, na ile nguvu inatumika kupasua maji na kuchanganya na hewa ukaa mpaka inapatikana sukari, oksijeni inatoka nje ndo hiyo tunavuta. Kijani inakamatwa kidogo kuliko zingine, inayobaki inarudi machoni kwetu. Wengi wanasema jani linarudisha kijani yote, hapana, sehemu kubwa linaitumia pia, ila hiyo tofauti ndogo inatosha kabisa macho kuiona. Jina klorofili walilitoa wafamasia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walioitenga kwenye majani mwaka 1817, ni Kigiriki, kijani na jani.

Sasa twende jikoni, hapa ndo napapenda. Katikati ya kila molekuli ya klorofili kuna atomi moja ya magnesiamu (damu yetu nayo ina umbo linalofanana sana na hilo, ila katikati kuna chuma). Ukichemsha mboga muda mrefu, joto linapasua seli, asidi ya jani inatoka inaing'oa ile magnesiamu, ndo mana mchicha mbichi unaong'aa unaishia kua na rangi ya kikahawia, na ukifunika sufuria ni mbaya zaidi kwasababu ile asidi haipati pa kutokea. Nyanya na ndimu nazo ni asidi, kwahiyo ndimu kamulia mwishoni.

Bibi zetu walilijua hili bila maabara, walitia magadi kwenye mlenda na majani ya kunde. Magadi yanaua asidi, magnesiamu inabaki mahali pake, mboga inabaki kijani na inalainika haraka. Ila yakizidi yanaharibu vitamini C na B1, kwahiyo tia kidogo sana.

Ndizi ikiiva ni hadithi hiyo hiyo, klorofili inavunjwa na njano iliyokuepo ndani muda wote inaonekana.

Na kwa wenye shamba, kila molekuli ya klorofili ina atomi 4 za naitrojeni. Kwahiyo ukiona mahindi majani ya chini yanaanza unjano kwenye ncha alafu unaingia katikati kama herufi V, mmea una njaa ya naitrojeni, unainyonya kutoka majani ya zamani unaipeleka kwenye machanga. Ila kama unjano uko katikati ya mishipa na mishipa yenyewe bado kijani, tena kwenye majani ya zamani, hapo inayokosekana mara nyingi ni magnesiamu, na urea, ambayo ni mbolea ya naitrojeni, haitakusaidia.